Fungua Mfereji Tuone

"Ati hapo ndipo watu wanalala?" Nekesa aliuliza, akatua kikombe cha chai kwa kishindo hata Makau akainua macho kutoka kwenye gazeti.

Binti yake, Becky, aligeuza kompyuta ili mama yake aone vizuri. Kwenye picha kulikuwa na kitanda kipana, mashuka meupe, maua ya waridi juu ya mto, na nyuma yake ukuta wa mawe mazito wenye pete za chuma. Maelezo yalisema bila haya kwamba chumba hicho, chini ya nyumba ya tajiri mmoja wa sukari, ndimo walimofungiwa watumwa enzi zile. Sasa kilikuwa chumba cha fungate. Wageni waliolala humo walikisifu sana. Kimya, baridi ya kupendeza, usingizi mtamu.

"Usingizi mtamu!" Nekesa alisimama. "Watu walilia humo, wengine walikufa humo, halafu mtu anatoka kwao anaenda kumwaga maua alale na bibi yake! Hawa watu hawaogopi? Haki ya Mungu Becky, ukinipeleka hapo nitalala barabarani."

"Si nimekuonyesha tu, Mum. Relax."

"Usiniambie relax. Tafuta pengine."

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwao Mwiki, na mwenye kumjua Nekesa angejiuliza huyu mama anayesimamia washonaji katika kiwanda cha nguo pale Ruiru anatafuta nini Falmouth, mji mkongwe wa Waingereza kule Jamaica. Starehe? Wapi! Bahari ya Falmouth ndiyo iliyomla mumewe.

Absalom alikuwa mpishi kwenye meli ya watalii. Siku moja meli ilitia nanga Falmouth, watalii wakashuka wakazunguka mji, jioni wakarudi, meli ikaondoka. Asubuhi Absalom hakuonekana jikoni. Viatu vyake vilipatikana ukingoni mwa sitaha, vimepangwa vizuri kama vya mtu anayeingia msikitini, na wenye meli wakasema ameanguka majini. Mwili haukupatikana. Ukoo wake kule Kimilili ulingoja, ukangoja, mwishowe ukafanya kama Wabukusu wanavyofanya mtu akipotea kabisa. Walikata mgomba, wakauvika shati la Absalom, wakaulaza kwenye jeneza, wakauzika kwa maombi na nyimbo. Nekesa aliulilia mgomba ule mpaka sauti ikakauka.

Lakini mgomba ni mgomba, na moyo haudanganyiki. Kila alipoota, Absalom alikuwa bado anaelea. Kwa hiyo Makau alipokuja kumposa, Makau mjane mpole wa Kilimambogo mwenye shamba la maembe na kicheko cha taratibu, Nekesa alimzungusha kweli kweli. Mwisho alimwambia wazi: "Nakupenda, sikatai. Lakini niache niende kwanza niyaone hayo maji. Nimtupie ua, nimuage. Nikirudi, mimi ni wako." Makau akakubali. Pasta akapanga harusi Desemba. Becky, ambaye alikuwa ameajiriwa uuguzi na hakuwa na mume wala mtoto wa kumlia pesa, akanunua tiketi mbili. Kilichobaki ni pa kulala.

"Hii je?" Becky alisema. "Hoteli, iko karibu na bandari."

"Nifungue dirisha nione meli? La."

"Hii ilikuwa nyumba ya jaji wa zamani. Imejengwa na hao hao wakoloni, wamepaka rangi tu."

"Jaji alikuwa anawahukumu kina nani? Pita."

"Mum, mji wote ulijengwa na wakoloni! Tutalala wapi, kwa mti?"

Makau alicheka nyuma ya gazeti, akakatazwa kucheka. Ndipo Becky akapata nyumba ndogo ya mbao na matofali, nyuma ya soko la zamani lenye saa, madirisha ya buluu, ua wenye mpera na kuku wawili. Mwenyewe alikuwa mama mmoja anaitwa Maxine, aliyeirithi kwa bibi yake. Watumwa hawakufungiwa humo, ila mmoja wao, alipopata uhuru, ndiye aliyeijenga. Nekesa aliposikia hivyo uso ukamfunguka.

"Hapo sawa. Hapo hata mimi nitasali."

"Nilipe basi?"

"Ulipe nini? Umeona mfereji?"

Becky akajua yameanza. Alipokuwa akisoma, walimtafutia chumba Kahawa Wendani, chumba chenye vigae na pazia la kifahari. Wakalipa, wakahamia, kumbe maji hayajawahi kupanda ghorofa ile tangu jengo lijengwe. Miaka yote ya chuo mtoto alibeba mitungi ngazi hadi ngazi. Toka hapo Nekesa halipii nyumba, hata iwe ya malaika, kabla hajafunguliwa mfereji akaona maji kwa macho yake.

"Lakini hii ni Jamaica, mwiitu," Makau alisema, akimwita msichana kwa Kikamba. "Ng'ambo maji iko."

"Umeenda?"

"Sijaenda."

"Basi nyamaza. Becky, piga simu ya picha."

Becky akapiga. Huko ilikuwa asubuhi, na Maxine alitokea kwenye kioo akiwa amefunga kitambaa kichwani, mama mnene, mchangamfu, Kiingereza chake kinapanda na kushuka kama wimbo. Aliwaonyesha kitanda, akawaonyesha mpera na kuku. Nekesa alimpenda hapo hapo. Lakini kupenda ni kando, biashara ni kando.

"Mwambie afungue mfereji tuone," alisema.

Becky alitamani ardhi immeze, lakini alimwambia. Maxine akaangua kicheko.

"Mama ana akili! Mfereji wa bafuni ulikuwa unatusumbua, mume wangu yuko humo sasa hivi anautengeneza. Njooni mwone." Akawa anatembea na simu, sakafu ya mbao ikilia chini yake. "Kwani mnapiga kutoka wapi?"

"Kenya," Becky alisema.

"Kenya! Yesu wangu! Mume wangu naye ni wa huko Afrika! Mpenzi, toka chini ya sinki, wageni wa kwenu!"

Kwenye kioo ulionekana mgongo wa mwanamume aliyepiga magoti, taulo ameitupa bega la kushoto. Nekesa aliuona mgongo ule na mwili wake ukajua kabla ya akili. Alitaka kusema "zima," lakini alichelewa.

Yule mwanamume akageuka, bado anatabasamu, spana mkononi. Amenenepa. Ndevu zimeingia mvi. Lakini ni Absalom, Absalom yule yule, na jino lake la mbele lililokatika kwa muwa.

Becky alitoa sauti ndogo, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Wololo! Unamlia mtu, unamvalia nguo nyeusi, unaota maji yanamla kila usiku, kumbe yuko bafuni kwa watu anakaza mfereji! Nekesa hakujua kama anataka kucheka au kutapika. Aliwaza viatu vile vilivyopangwa vizuri. Mtu anayeanguka havui viatu akavipanga. Kwa nini hawakuliona hilo? Ukoo mzima, wasomi na wazee, hakuna aliyeliona.

Tabasamu la Absalom lilikuwa limeganda usoni. Spana ikaanguka kwenye sinki.

"Maji haya hapa!" Maxine akafungua mfereji, na maji yakaja kweli, mengi, safi. "Mmeona? Na huyu ndiye atawapikia. Anapika kuliko mimi. Mpenzi, wasalimie basi kwa lugha yenu."

Absalom alisema kwa Kiswahili, haraka haraka, huku anajilazimisha kutikisa kichwa kama anayesalimia.

"Mama Becky. Naomba. Huyu hajui kitu. Nitakueleza yote, nitakupigia, lakini usiseme sasa. Nakupigia magoti, usinivunjie nyumba."

"Amesema nini?" Maxine aliuliza, anacheka.

"Anatukaribisha," Nekesa alisema. Hakujua sauti hiyo imetoka wapi.

Usinivunjie nyumba! Nekesa alirudia maneno hayo moyoni na hasira ikampanda mpaka macho yakaingia giza. Yake ilivunjwa na nani?

Mtoto wa kike akaingia mbio bafuni, nywele zimesukwa na ushanga, akamshika Absalom mguu. Maxine akamnyanyua mbele ya simu.

"Huyu ndiye malkia wa nyumba. Waambie jina lako."

"Nekesa!" mtoto akasema kwa nguvu.

Hapo hata Makau, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya kiti muda huo wote, alishusha pumzi kwa sauti.

"Zuri, eh?" Maxine alisema, na uso wake ukawa na upole. "Kwao mtoto hupewa jina la aliyekufa, ili asisahaulike. Mke wake wa kwanza alifariki huko Kenya, maskini, yeye na mtoto wao, kwenye ajali. Alikuja kwangu amevunjika huyu mtu. Mimi ndiye niliyemwambia, tumpe binti yetu jina la marehemu. Hapo kwenye kabati nina mshumaa wake, huwa namwashia."

Ni kweli, Nekesa aliwaza, kwao hakuna anayemrithisha mtoto jina la mtu aliye hai. Ni mwiko, ni kumtakia kifo. Na Absalom alijua. Alilelewa Kimilili na bibi yake mzaa baba, mambo ya mila hakuna asiloambiwa. Alisimama siku hiyo mbele ya mwanamke huyu mwema, akamchukua mkewe mzima, na binti yake aliyekuwa shuleni, akawafukia wote wawili bila hata kutokwa na jasho. Na mwanamke huyu akawa anawawashia mshumaa.

Akamtazama Makau. Makau alikuwa amefumba midomo, macho mekundu, na Nekesa alimwelewa bila neno. Akinyamaza sasa hivi, Desemba iko pale pale. Pasta hajui, Kimilili hawajui, cheti cha kifo kiko sandukuni. Maxine atabaki na mume wake, mtoto atabaki na baba, Makau atapata mke. Kila mtu atapata chake. Watakaokufa ni yeye na Becky tu, na wameshakufa tayari, kwa hiyo nani ataumia? Na akisema, hakuna harusi. Ni mke wa mtu, mwenye mume hai. Itakuwa mahakama, itakuwa aibu, itakuwa miaka.

Alimpenda Makau. Alitamani kunyamaza. Wacha tuseme ukweli, alitamani sana.

"Tumeshukuru kuona maji," alianza kusema, na Absalom akafumba macho kama aliyeponea chupuchupu. Ile raha iliyopita usoni mwake Nekesa aliiona wazi.

Mtoto alikuwa ameisogeza simu karibu, pua yake imejaa kioo chote. Alikuwa na macho ya Becky.

"Auntie," akauliza, "na wewe unaitwa nani?"

Absalom alitikisa kichwa kumkataza, polepole, mara moja. Makau akaweka mkono wake juu ya bega la Nekesa, na mkono ule haukumsukuma wala haukumzuia.

"Naitwa Nekesa," alisema kwa Kiingereza, taratibu, ili asieleweke vibaya. "Na huyu hapa ni binti yangu, Becky. Muulize baba yako, anatujua."

Maji yalikuwa bado yanamwagika kwenye sinki. Maxine akanyoosha mkono akayafunga, kisha akamgeukia mumewe.