Choo cha Mlango Mmoja

Mimi sina ugomvi na mazingira. Ukiniambia nisichome plastiki, sichomi. Lakini binti yangu Triza alinifikisha pabaya, na nitasema.

Triza ni mchoraji wa majengo. Alipewa kazi ya kubuni kituo cha kupumzikia madereva na abiria, Kangundo Road, ukishapita Komarock. Kabla hakijafunguliwa walikuja kunichukua nyumbani Lucky Summer, yeye na mumewe Munene, nikakione. Munene akaendesha, mimi nikaketi nyuma nikitazama dirishani. Sisi Wabukusu huishi hivyo na wakwe, kwa heshima na mbali kidogo.

Kituo ni kizuri, siwezi kudanganya. Hakuna mti uliokatwa. Magari yamepangiwa kuegeshwa katikati ya miti. Maji ya mvua yanaingia tangini, taa ni za sola, na chini ni kokoto badala ya lami. Nilijivunia mtoto wangu mpaka nikataka kulia.

"Na choo?" nikauliza. Nina ugonjwa wa sukari, na mkojo ulikuwa umenibana kweli kweli.

"Kimoja tu, cha kila mtu. Hakitumii maji, unamwaga unga wa mbao. Kila mlango nikiongeza ni simiti, Mama, na simiti inachafua hewa. Kijaribu, halafu uniambie ukweli."

Nikaharakisha. Mlango ukafunguka, na aliyetoka ni nani? Munene, anajipangusa mikono.

"Mama, ingia tu! Hakina harufu hata kidogo!"

Woi! Mkwe wangu ananikaribisha chooni! Kwetu mama mkwe haingii choo anachotumia mkwe. Niligeuka hapo hapo nikarudi kwa Triza.

"Siingii. Munene ametoka humo sasa hivi."

"Haki, Mama, si hii ni Nairobi!"

"Nairobi ilifuta ukwe lini?"

"Basi nenda nyuma ya miti."

"Mbele ya mafundi wako wanaomalizia kazi? Nipeleke Komarock, kwa petroli stesheni."

Badala ya kuita gari akafungua mchoro wake, akaanza kunieleza upya. Mlango wa pili ungekula simiti kiasi gani, sijui moshi kiasi gani. Nilikuwa nimebana miguu, jasho linanitoka. Nikamwambia, "Triza, gari." Yeye simiti. "Triza, gari!" Yeye bado simiti.

Nikashindwa. Maji ya moto yakanishuka miguuni mpaka kwenye viatu vya kanisani. Mimi, mtu mzima, nikasimama pale nikilia kwa aibu.

Triza akautupa mchoro. Akavua jaketi lake la kazi akanifunga kiunoni. Munene akaona kuna shida, akaja mbio kunisaidia, maskini, hajui lolote. Nikafumba macho.

"Rudi!" Triza akafoka, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Rudi kwa gari, Munene, na usigeuke."