Maharage ya Mama Hosiana

Redio ilipotangaza kwamba shule zote zinafungwa kwa sababu ya korona, Furaha alikuwa anashona kola ya shati la sare. Alimaliza kola, akakata uzi, akalikunja shati. Mwenyewe hakuja kulichukua. Cherehani ikakaa kimya pale kibarazani Mkuyuni wiki ya kwanza na ya pili. Kibali chake cha ukimbizi, kilichochanika kwenye mikunjo tangu Kigoma, hakikuwa na sehemu inayosema fundi wa sare afanyeje shule zikifungwa.

Akapanda mlimani hadi Kinole kwa Scholastika, ambaye Furaha alikuwa akiwashonea sare watoto wake wanne. Huko nako hali tete. Malori ya Dar yalikuwa hayaji, ndizi zinaivia mgombani, mananasi yanashibisha nzi.

"Dada, niazime kipande cha shamba," Furaha akasema. "Nipande maharage, mimi na mwanangu Hosiana tupate cha kuweka chunguni."

Uluguruni ardhi ni ya ukoo wa mama, na msimamizi wa ukoo huu alikuwa Mzee Gervas, kaka yake Scholastika. Furaha akampelekea jogoo, kama desturi inavyotaka. Mzee akampokea jogoo, akampapasa kifua, akasema maneno anayoambiwa kila mgeni.

"Mahindi, maharage, mboga, sawa. Mti hapana."

Mgeni akipanda mti, kesho atasema ardhi ni yake. Furaha alilielewa hilo vizuri. Scholastika mwenyewe alimchagulia mbegu kwenye ungo wake, maharage mekundu, na wakayafukia pamoja.

Siku ya nne ikaota milimau. Kufikia Jumapili ilikuwa imewapita kimo na malimau yameiva. Furaha akaipalilia kama angepalilia maharage, kwa sababu magugu yalikuwa yanaota vilevile.

Wakati huo Morogoro nzima ilikuwa inajifukiza. Watu walichemsha malimau na tangawizi, wakajifunika blanketi juu ya sufuria, wakatoka na macho mekundu na matumaini kidogo. Bodaboda zikaanza kupanda Kinole kutafuta malimau. Furaha akauza, na kila alichopata akakigawa nusu kwa nusu na Scholastika bila kuombwa. Hosiana akawa anakula mara mbili kwa siku.

Kikao cha ukoo kikaitishwa.

"Shikamoo, mzee," Furaha akasema.

"Marahaba. Nilikwambia mti hapana."

"Nilipanda maharage, mzee."

Mzee Gervas akanyoosha kidole mteremkoni. "Yale ni maharage?"

"Ni milimau."

"Basi umepanda mti."

Hakuna aliyeuliza maharage yamewezaje kuwa milimau. Kikao kilikuwa cha ardhi, si cha mbegu. Wakamgeukia Scholastika, maana mbegu ilipita mikononi mwake. Scholastika akawatazama watoto wake. Ukoo ukichukua milimau, fungu lake kama dada wa msimamizi litazidi ile nusu.

"Mimi sina neno," akasema.

Inaudhi, lakini ndivyo alivyosema. Furaha akanyang'anywa shamba, akateremka Mkuyuni, na Hosiana akarudi kwenye mlo mmoja. Ukoo ukauza malimau mwezi mzima, Mzee Gervas akaezeka bati jipya.

Shule zikafunguliwa mwishoni mwa Juni. Watoto wakarudi na sare zilezile, zimewapanda juu ya magoti, kwani wazazi walikuwa wamemaliza fedha zao kwenye malimau. Kujifukiza kukaisha. Milimau haikuisha. Ilizaa kila Jumapili, malimau yakaoza, yakanuka mpaka kanisani, na mahindi ya upande wa chini yakakosa jua. Ndipo Mzee Gervas akatuma ujumbe: Mama Hosiana aje ang'oe miti yake.

Yake, jamani. Furaha akaja, kwa sababu aliambiwa akiliacha shamba safi atafikiriwa tena kuazimwa kipande.

Kila mti aliung'oa kwa mkono mmoja, ukatoka kirahisi, kama shina la maharage. Mchana Scholastika akamletea magimbi ya kuchemsha.

"Usinikasirikie, mdogo wangu."

"Nimekasirika, dada," Furaha akasema, akamega gimbi lingine, maana alikuwa na njaa.

Chini ya mizizi ya kila mti zilikuwepo punje zake za maharage, nzima, nyekundu, kama walivyozifukia. Akaziokota zote, akazifunga kwenye pindo la kanga. Zingetosha chungu kimoja. Mzee Gervas alipokuja kukagua, aliliona lile fundo kabla hajaliona shamba.

"Hayo yaache," akasema. "Yametoka kwenye udongo wa ukoo."

Furaha akafungua pindo, akayamwaga. Mzee akayafukia kwa mguu, taratibu, kwa mstari ulionyooka, akamwambia hayo mambo ya kufikiriwa yataangaliwa msimu ujao.