Grupu ya Rehmtulla

Uliona. Usinitazame hivyo, ndugu yangu wa mtaa huu wa Magarama. Ulikuwa dirishani, ukashusha pazia, na pazia lako tunalijua wote, lile la maua mekundu. Hata siku watu wa maji walipotufungia bomba, kabla ya vita, ulishusha hilohilo. Mimi sisahau.

Basi nikukumbushe.

Tangu nguzo za umeme ziangushwe, frigo zetu zimekuwa kabati. Kwako wewe hasara ni maziwa kuchacha. Kwa Monghibai, mke wa Rehmtulla mwenye duka, ni roho yake: dawa yake ya sukari, ile ya sindano, ikipata joto inaharibika, na nyingine hadi ivuke mpaka wa Kobero na vikwazo hivi vya nchi jirani, mtu anaweza kuzikwa na arobaini yake ikasomwa.

Rehmtulla akakumbuka gari-nyumba. Wazungu wawili waliingia nalo kutoka Tanzania, gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, wakaja kutalii nchi yenye vita. Waliposikia mizinga wakamwachia kaka yake Rehmtulla pale Muyinga, wakapanda ndege. Chini ya kitanda gari lile lina mashine yake ya kutoa umeme. Kuing'oa kulishindikana, basi Rehmtulla akaileta nyumba nzima hapa Gitega nyuma ya msafara wa malori, akaiegesha kwenye ukuta wa jiko, akapitisha waya dirishani. Nyumba ikawa inainyonyesha nyumba.

Na wewe ulikuja na betri yako ichajiwe. Ramadhani ukaja na jagi, ukapewa barafu ya futari.

Sasa, mashine hiyo sisi tunaiita grupu, kwa Kifaransa chetu. Kwa wanajeshi wa bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, grupu ni watu wa msituni wenye bunduki. Hapo ndipo tuliponzeka, maana jirani yetu Salima ulimi wake hauna breki. Akiwa kwenye foleni ya bariyeri, anakwenda Ryansoro kununua maharage, akamsimulia shoga yake kwamba grupu ya Rehmtulla inalala mchana, inafanya kazi usiku, inakunywa vibaya sana, na imewekwa chini ya kitanda.

Alasiri hiyo liutenanti akaja na askari wake, bunduki zimelenga mlango.

"Mzee, grupu yako iko wapi?"

Rehmtulla alidhani naye amekuja kuchaji betri. "Iko chini ya kitanda, afande. Leo iko inakohoa kidogo."

"Iko na nguvu gani?"

"Elfu tatu."

Liutenanti akarudi nyuma, akamkanyaga askari wake. "Elfu tatu, chini ya kitanda? Nani anaiamuru?"

"Madamu wangu. Mimi inanikataliaga."

Wakalizingira gari. Liutenanti akaitaka grupu ijisalimishe. Monghibai, amechoshwa na makelele, akatoka na kandambili zake, akawapita wote, akapanda ndani, akavuta kamba. Grupu ikakohoa, ikanguruma, na askari wote wakalala kifudifudi kwenye bilinganya zake. Waliobaki wamesimama ni kuku.

Mkubwa aliyechekwa na kuku haondoki mikono mitupu. Akasema gari ni ushahidi, akaondoka nalo, na hapo ndipo pazia lako liliposhuka. Leo ushahidi uko Muyinga, nyuma ya baa ya shemeji yake, unapoza bia.

Na dawa? Iko ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa maji, kwa jua hili. Kila asubuhi Monghibai huigusa chupa kwa shavu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Juzi aliniambia, "Mwanangu, imeanza kuwa vuguvugu." Hakulia. Akaniuliza kama nimekula.

Mkuu wa zoni amesema ataandika gari lirudishwe, akipata majirani wa kutosha kushuhudia kwamba grupu ile ni chuma, si watu. Mpaka sasa anaye mimi, na Salima, ambaye nimemwomba anyamaze.

Pandisha pazia. Vaa viatu twende sasa hivi, kabla ofisi haijafungwa na mchanga haujakauka. Na ukifika mbele yake, nakuomba kwa barafu uliyofuturia: sema mashine. Usiseme grupu.