Damu ya Majike Wanne

Chama cha Wafugaji wa bonde letu la Kurotani kilizaliwa kwa hofu. Enzi za babu zetu, serikali ilileta mafahali wakubwa kutoka Ulaya, na bonde zima likakimbilia kupandisha. Wakazaliwa ng'ombe wavivu, wasioweza hata kugeuka kwenye majaruba yetu ya mlimani, nyama yao ngumu kama kandambili. Damu ya asili ikabaki kitongoji cha juu tu, ambako theluji ilikuwa imefunga njia: majike wanne. Wazee wakaapa mbele ya hekalu kwamba fahali wa nje hatakanyaga hapa tena. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kiapo hicho sikukidharau. Niliolewa ndani yake. Lakini ng'ombe wangu Matsu alikuwa ameshaharibu mimba mbili, na asubuhi ya sherehe ya chama akazaa ndama aliyelegea miguu, hata kunyonya hawezi. Kila fahali bondeni alikuwa kaka wa Matsu, au baba yake, au vyote viwili. Tangu mume wangu afariki, zizini nilibaki na Matsu peke yake. Bila fahali wa bonde la pili ingenibidi nimpeleke machinjioni, nifunge zizi.

Kubadili kanuni ya kiapo hicho kulitaka mikono yote ya wanachama iinuliwe. Si mingi, yote. Kila mwaka kwenye sherehe tulimtazama mwenyekiti, Genzo, kaka wa marehemu mume wangu, naye akatazama dari bila kuinua mkono.

Safari hii hasira zilinipanda. Nikamfunga ndama kwenye koti la marehemu, nikambeba hadi ukumbini. Genzo alikuwa anasimulia historia, watu wanatafuna figili za chumvi.

"Shemeji Fusae," akasema, "hapa si zizini."

"Ndiyo maana nimemleta. Zizini kwangu huji."

"Mwacheni," akadakia mzee Tokuji, sake, pombe ya mchele, imeshamkolea. "Labda ndama anataka uanachama!"

Wakacheka. Nikamlaza ndama miguuni pa Genzo. Alikuwa anapumua kwa shida, na kicheko kikakatika.

"Baridi tu hiyo," Genzo akasema. Lakini mfugaji ni mfugaji. Alivua koti lake la sherehe, akapiga magoti, akamsugua mbavu, akampulizia puani. Akasugua mpaka jasho likamtoka. Ndama akanyoosha shingo, akafa.

"Baba yake nani?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Fahali wako."

"Na baba wa Matsu?"

"Huyo huyo, Mwenyekiti. Unajua."

Akakaa pale sakafuni. Halafu akainua mkono, ute wa ndama bado unang'aa vidoleni. Tokuji akafuata, kisha mstari wa mbele, kisha ukumbi mzima. Baadhi yao walikuwa wanalia.

Mimi mkono wangu haukwenda. Niliyeyataka haya kwa miaka, nikabaki nimeganda kama mwizi. Niliwaza wazee wa kitongoji cha juu, waliolala kando ya wale majike wanne ili ng'ombe hao wasife kwa baridi, wakigawana nao shayiri yao wenyewe. Niliona aibu kuvunja kiapo chao.

"Shemeji," Genzo akasema taratibu, "umebaki wewe tu. Bila wako haipiti."

"Najua."

"Basi inua, mke wa mdogo wangu. Matsu anangoja."

Nikauinua, huku nalia kwa sauti, na hakuna aliyepiga makofi.