Feni ya Wageni

Salme alikuwa akichuja ukwaju huku jirani yake Thoya, kinyozi, akivuta waya wa kijenereta chake hadi barazani. Umeme ulikuwa umekatika Mtongwe tangu juzi, na maafisa wa ruzuku ya serikali walikuwa njiani kuja kuamua kama mtaa ulistahili nguzo mpya na transfoma. Friza la Salme lilijaa samaki wa kuuza, nao walianza kulainika. Kijenereta hakikuliweza friza. Kiliweza feni na friji ndogo tu.

"Dada, waache waonje joto letu," alisema Thoya.

"Mgeni anywe juisi ya moto kwangu? Wallahi, sitathubutu!"

Walipofika, wageni wakanywa juisi baridi chini ya feni. Mkubwa wao akatazama juu, akaandika.

"Umeme wenu mzuri, mama."

"Hiyo ni jenereta, mwanangu! Tumewawashia nyinyi."

"Kumbe mna jenereta," akasema kwa upole. "Ruzuku hii ni ya wasio na njia nyingine."

Salme akamshika mkono, akamwonyesha samaki. Afisa akaguna, akaahidi kurudi kesho atazame upya.

"Kesho hatuwashi kitu," Thoya akaonya.

"Hatuwashi. Barafu ya juisi nitaagiza mjini, ng'ambo ya maji."

Thoya akacheka hadi akakaa chini. Salme akaanza kuwatia samaki chumvi kabla hawajaharibika. Magharibi ikaadhiniwa akiwa amefika nusu. Waliosalia akawafunika gizani, wangoje asubuhi.