Karatasi Tatu Nyeupe

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha mbao, msimamizi alinipa karatasi tatu tupu. "Weka saini hapo chini," alisema. "Za faili."

Kila aliyepasua mbao pale alisaini hivyo hivyo. Nami nikasaini; mwenye njaa hana miiko. Ila mama yangu, aliyekuwa karani wa shule, alinilea na neno moja: saini bila tarehe ni nyumba bila mlango. Chini ya kila saini nikaandika tarehe, kwa tarakimu ndogo kama sisimizi.

Msimamizi huyo tulimwita Taratibu. Hakuwahi kupaza sauti. Ukimsikia akisema "taratibu, kijana", ujue kuna mtu wa kuumia.

Miaka miwili ikapita. Mwaka huu ukaletwa msumeno mpya wa mviringo; tuliushusha wenyewe kwenye lori. Wiki haikuisha, Taratibu akaamuru kinga ya chuma inayofunika meno ya msumeno ivuliwe, eti inachelewesha kazi. Ikatundikwa msumarini, kando ya kibao chekundu: MARUFUKU KUWASHA MOTO.

Jumatatu msumeno ule ukachukua vidole viwili vya shemeji yangu, mume wa dada, niliyekuwa nikipasua naye mbao palepale.

Nilimkuta hospitalini, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, lakini ulimi mzima. "Shemeji, kuanzia leo tukipeana mikono, ujue nakupunja."

Dada hakucheka. Alinipa karatasi iliyoletwa asubuhi ile kutoka kiwandani. Ilisema shemeji alivua kinga mwenyewe, kwa ukaidi wake, na hana lalamiko na mtu.

"Saini hii ni yako?" nikamuuliza.

"Saini ni yangu. Maneno ndiyo kwanza nayaona."

"Na wewe ulisaini ngapi?" dada akaniuliza.

"Tatu."

Akanitazama vidole.

Jumatano Taratibu alinisubiri langoni. "Leo wewe ndiye wa msumeno."

"Rudisha kinga kwanza."

"Taratibu, kijana."

"Ofisini kwako, nyuma ya kalenda, kuna tangazo la sheria ya kazi. Nimelisoma. Mtu halazimishwi kazi ya kumkata mwili, na akikataa hafukuzwi."

"Mdogo wangu, leo umemeza wakili?" akadakia fundi wa randa, na wenzake wakaangua kicheko.

Taratibu hakukasirika. Hilo ndilo lililonitia baridi. Alinipeleka ofisini, kijichumba cha mbao kwenye pembe ya kiwanda, akafungua droo na kunitandazia karatasi mezani. Chini, saini yangu. Juu yake, maneno mapya yaliyopigwa chapa: *Nimeonyeshwa hatari za msumeno wa mviringo, nami nimechagua kuutumia bila kinga.*

"Ulishakubali," alisema kwa upole. "Ukikatika, umejikata."

Nilisoma mara mbili. Mara ya tatu nikawaona sisimizi wangu.

"Tarehe hii ni ya miaka miwili iliyopita. Msumeno umekuja mwaka huu. Nilikubali vipi mashine ambayo haikuwepo?"

Akainama. Akapitisha kidole juu ya tarakimu zile kana kwamba zingetoka kama vumbi. Nikaivuta karatasi kabla hajanyanyua uso.

"Lete hapa." Safari hii hakusema taratibu.

"Kilichosainiwa na mkono wangu nina haki ya kuwa na nakala yake. Hii ataisoma mkaguzi wa kazi."

Nikatoka nayo. Nilitembea kama mwenye kiwanda.

Fundi wa randa alizima mashine yake. Sasa hakuwa na mzaha. "Inasemaje?"

Nikawasomea kwa sauti. Swichi zikazimwa moja baada ya nyingine mpaka kiwanda kizima kikanyamaza. Hakukuwa na wa kuuliza maana yake. Kila mmoja alikuwa na tatu zake mle ndani, na hakujua zimeshaandikwa nini.

"Tukazichukue," akasema fundi wa randa. "Zote. Na ya shemeji yako."

Tulikuwa hatujapiga hatua tano, komeo la ofisi likafungwa kwa ndani, kwa kishindo. Droo ikavutwa. Karatasi zikachakacha, nyingi kwa pamoja.

Kisha, pale tuliposimama, vumbi la mbao likitufika vifundoni, tukasikia njiti ya kiberiti ikikwaruzwa.