Uwanja Usiokanyagwa

Uwanja wa lami wa Rola ulikufa kabla haujakanyagwa hata na baiskeli.

Jina hilo alipewa kazini, kwa kuwa ajira yake yote ilipita juu ya rola, akishindilia barabara za watu. Alipostaafu aliuza kiwanja alichorithi mkewe, akaongeza kiinua mgongo chake chote, akatandaza lami nyuma ya nyumba pawe maegesho ya malori. Meneja wa kampuni ya usafirishaji alimwahidi kwamba gereji yao ikihamia mtaa ule, magari yatalala kwake.

Lami ikang'aa, nyeusi ti. Rola akafunga mnyororo langoni.

"Mzee, waache hata wenye teksi walaze magari humu," mkewe akamwambia. "Tupate ya sabuni."

"Waje wanimwagie oili? Mama watoto, hii ni bibi harusi. Haguswi mpaka mwenyewe aje."

"Haya, kaa na bibi harusi wako. Mimi nimechoka kula kwa macho."

Gereji ikakawia. Jua likapiga, kiangazi baada ya kiangazi, mpaka weusi ukageuka kijivu. Rola akagonga kwa kisigino, pakalia ko, ko.

"Unasikia? Chuma hicho!"

"Mkate wa juzi nao unalia hivyohivyo," mkewe akajibu.

Rola akacheka. Maisha yake yalikuwa ya kutandaza na kuondoka. Hakuwahi kukaa mahali akaona lami inavyozeeka. Hakujua kwamba ugumu ule ndio ugonjwa wenyewe. Jua na hewa vilikuwa vinayamaliza mafuta ya lami, nayo inabaki kavu kama kigae. Barabarani magurudumu huikanda kila siku, ikachelewa kupasuka. Ya kwake ililala tu. Zikaja nyufa nyembamba kama nywele, naye akawa anazifagia. Mvua ikapenya humo, udongo wa chini ukawa uji.

Siku meneja alipokuja na lori la kwanza, Rola alishusha mnyororo kwa mkono wake. Lori halijafika katikati, lami ikavunjika kama sahani na gurudumu la nyuma likazama.

Dereva akachungulia dirishani. "Mzee, hapa ulitandaza lami au biskuti?"

"Ni hapo tu! Vuta kulia, kulia ni kuzima!"

Dereva akavuta kulia. Kulia nako kukavunjika.

Meneja hakufoka, angefoka ingekuwa nafuu. "Pole, mzee wangu," akasema, akatoa simu kutafuta gari la kuvuta. Wiki hiyohiyo malori yakapata pa kulala kwingine.

Mkewe alikuwa amesimama mlango wa nyuma, ameona yote.

"Nilikuwa nautunza," Rola akamwambia.

"Najua."

Kiwanja cha mke kimekwenda. Kiinua mgongo kimekwenda. Gari la kuvuta alililipia kwa kuuza friji. Mkewe yuko kwa dada yake. Alisema ni kwa siku chache, lakini alibeba masufuria yote.